Kiota Kilichonyolewa

Kazi ya shemeji yangu ilikuwa moja tu, nayo ni kuondoka. Nilimweleza dukani kwake kabla hatujafunga mizigo, nikamweleza tena njiani, nikamweleza tena tukiwa tumekaa juu ya gogo msituni, yeye anatafuna biskuti na makombo yanamwangukia kifuani. Tunaingia wawili kwenye kibanda cha kujifichia. Unakaa kidogo. Unatoka, unakwenda zako. Uondoke kwa kelele, uvunje vijiti, ukohoe ukitaka, ili ndege akuone vizuri. Ndege hajui kuhesabu. Akiona watu wameingia, kisha akaona mtu ametoka, kwake yeye kibanda ni kitupu. Anarudi kwenye kiota kulisha watoto, na mimi niliyebaki ndani nampiga picha. Wapiga picha wa ndege wanafanya hivyo miaka yote.

"Kwa hiyo kazi yangu ni kutokuwepo," akasema.

"Ndiyo."

"Hiyo naiweza, shemeji."

Hakuiweza.

Huyu ni mume wa dada yangu mdogo, na ni kinyozi. Simsemi vibaya. Ana roho nzuri, hana ugomvi na mtu, na mkono wake ni mwepesi mpaka watu husinzia kwenye kiti chake. Lakini kinyozi ni mtu aliyezoea kusimama nyuma ya kichwa cha mwenzake akiongea. Ukimwondolea kichwa kimoja anatafuta kingine, na kule mlimani kichwa kilichokuwa karibu ni changu.

Sikumchagua mimi. Miaka mingi nilikuwa nikipanda na fundi saa mmoja, mtu mkimya kama ukuta. Huyo alijua kuondoka. Angekutoka ubavuni ukadhani umeota kwamba alikuwepo. Macho yake yalipochoka, binti yake akaja akamchukua, na mimi nikabaki na kamera, turubai na magoti yangu mabovu. Daktari aliinua picha ya magoti hayo dirishani ili dada yangu naye aone, akasema mifupa inasagana. Dada akanitoa pale hospitalini. Alinishika mkono mpaka dukani kwa mumewe, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, nikawa sina pa kugeukia. Mtaa wao ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, mtaro umepita mlangoni kabisa na ubao wa kuvukia unayumba, kwa hiyo wateja walikuwa hawaji.

"Kaka," akasema akiniangalia kwenye kioo, "umezunguka kama mbuzi aliyekata kamba. Umepika kwenye meli, umechimba visima, umeuza vitambaa vya mapazia nyumba kwa nyumba. Shule yenyewe uliisoma vipande vipande, kila kipande mji wake. Mimi sijawahi kukuuliza."

"Umeniuliza kila mwaka."

"Sijawahi kukuzuia. Nenda mlimani. Usipokwenda utatununia humu ndani mpaka tuhame sisi. Lakini hii ni ya mwisho. Ukishuka, chumba cha nyuma ni chako. Kitanda kipo, nimeshatoa maboksi. Na huendi peke yako."

"Niende na nani?"

Alimtazama mumewe, ambaye muda wote huo alikuwa anafuta chupa ya spiriti isiyokuwa na vumbi.

"Nipo," akasema shemeji.

Nilichokuwa nakitaka mlimani kinaweza kuonekana kuwa kitu kidogo. Kuna ndege anaitwa kinengenenge. Ni mdogo, ukimfumbata anapotea kiganjani. Mgongo wake ni kijani kibichi, kifua manjano, na jicho limezungushiwa duara jeupe kama mtu amemchora kwa chaki. Yule wa juu mlimani ana duara pana kuliko wa bondeni. Nimempiga picha akila matunda, akioga, akigombana na kivuli chake. Sijawahi kumpata akilisha makinda kiotani. Msimu mmoja nyani walikula mayai. Mwingine mvua ikaingia kwenye lenzi. Mwingine nililala na homa kwenye kambi ya wakata miti, na nilipoinuka kiota kilikuwa kitupu. Kila mara nilijiambia mwakani. Sasa magoti yalikuwa yamekataa mwakani. Basi ni hivyo tu: picha moja, ndege mmoja, nafasi ya mwisho, na wa kunisaidia ni mtu asiyejua kuondoka.

Tulifikia kwenye nyumba ya walinzi wa msitu. Walitupa chumba cha pembeni chenye vitanda viwili vya chuma na dirisha ambalo kioo kimoja kilikuwa kimezibwa kwa kipande cha boksi. Kabla sijavua viatu, shemeji alikuwa ameshafagia, ametundika taulo msumarini, ameweka kiti nje kando ya mlango, na mlinzi wa kwanza amekwisha kukaa. Mfuko wake wa kazi alikuja nao: mkasi, vitana, mashine ya mkono, brashi, poda. Nilimuuliza wa nini. Akasema fundi haachi vifaa. Mpaka jioni walinzi wote walikuwa na vichwa vinang'aa kama sufuria mpya, na wanajua habari za magoti yangu.

Kiota nilikikuta mwenyewe, jambo ambalo bado linanifurahisha. Kilikuwa juu ya kijito, kwenye panda ya tawi, usawa wa kifua changu. Kikombe kidogo kilichofumwa kwa nyasi na utando wa buibui na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya juu. Ndani makinda watatu, uchi, wekundu, macho hayajafunguka. Tulisimamisha kibanda mbali kwanza, miti minne na turubai la kijani, kisha kila asubuhi tukakisogeza mbele kidogo ili wazazi wasishtuke. Shemeji alipowaona mara ya kwanza akawaita Miwani. Baba Miwani na Mama Miwani. Mimi mwenyewe siwezi kuwatofautisha, yeye alisema anaweza.

Siku kibanda kilipofika mahali pake, tuliingia wawili. Nikafunga kamera kwenye stendi, nikapitisha lenzi kwenye tundu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda changu.

"Haya, toka," nikanong'ona.

"Subiri nimwone kwanza."

"Hatakuja ukiwa humu."

"Akija tu natoka."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Ilinibidi nimshike bega nimsukume nje, na akatoka kinyumenyume, taratibu, akiomba radhi, akinyata kama mwizi wa kuku, yaani kinyume cha kila nilichomwambia. Ndege hawakumwona akitoka. Walikaa juu wakilalamika mpaka nikakata tamaa.

Mara ya pili aliondoka vizuri. Alikohoa, alivunja vijiti, alipiga hata mluzi. Kimya kikaingia. Mmoja wa Miwani akashuka tawi kwa tawi, kiwavi mdomoni, akafika karibu kabisa, akageuza kichwa. Nikashusha pumzi, kidole juu ya kitufe. Turubai likafunguka nyuma yangu.

"Shemeji, chai unakunywa na sukari au bila?"

Sikugeuka. Nilibaki naangalia tawi tupu kwenye lenzi.

"Nimekuuliza kwa sababu nimesahau," akasema.

Mara nyingine ilikuwa simu. Alikuwa ameondoka, hilo namkubalia, lakini alikaa nyuma ya mti wa tatu, na simu yake ilipoita iliimba wimbo wa harusi msitu mzima. Alikuwa dada yangu anauliza kama mumewe anafuata maelekezo.

"Nafuata," nilimsikia akijibu. "Kanituma nisiwepo, na sipo."

Baada ya hapo nilimwekea sheria. Akitoka kibandani asisimame mpaka kwenye nyumba ya walinzi, simu aizime, chai asilete mpaka nirudi mwenyewe. Nilimwambia kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa shemeji yake, naye akaikubali bila kununa. Huyo ndiye alivyo, huwezi hata kugombana naye ukamaliza hasira zako.

Hapo likaja tatizo la tawi. Mbele ya kiota, na juu yake kidogo, palikuwa na tawi la majani mapana lililoning'inia kama pazia. Mwanga mzuri unafika pale asubuhi tu, jua likivuka ukingo wa mlima, na mwanga ukifika tawi lile linatia kivuli penye kiota hasa, na jani moja linakaa katikati ya lenzi. Njia ya kufanya inajulikana: unalifunga tawi pembeni kwa uzi, unapiga picha kwa muda mfupi, unalifungua likarudi. Hulivunji, hulikati. Nikilifunga, wingu linakuja. Wingu likiondoka, jua ni kali, nami natoka mbio kwa magoti yangu kwenda kulifungua. Siku nzima zilikwenda hivyo, kufunga na kufungua kama mlinzi wa geti.

Jioni hiyo tukila, nililisema tawi lile mpaka chakula kikapoa. Nilisema limeota pale kwa chuki. Nilisema nimetembea nusu ya maisha yangu nimekuja kushindwa na jani.

Shemeji alikuwa kimya. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

"Hilo tawi," akauliza mwishowe, "liko kama nywele zinazomwangukia mtu usoni?"

"Hivyo hivyo."

"Zinamharibia sura."

"Zinaharibu kila kitu," nikasema, nikageukia ukutani nikalala.

Asubuhi magoti yalikuwa yamevimba. Shemeji alisema atatangulia na stendi ili mimi nije polepole na fimbo yangu. Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilichukua muda kwenye ile njia, nikipumzika kila penye gogo, na nilipokaribia kijito niliwasikia wale ndege wanapiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia.

Alikuwa amesimama kando ya kiota, upande kidogo, mkono mmoja nyuma, mwingine umefunguka hivi. Ndivyo anavyosimama anapomshikia mteja kile kioo kidogo nyuma ya kisogo ili ajione. Miguuni pake alikuwa ametandaza gazeti, na juu ya gazeti yamepangwa majani, mapana na membamba, pamoja na vijitawi vilivyokatwa kwa mshazari safi kabisa. Alikuwa hata amepangusa shina kwa brashi.

Kiota kilikuwa wazi kama sahani juu ya meza.

Nikakaa chini kwenye majani.

"Umefanya nini?"

"Nimepunguza."

"Umepunguza."

"Mbele na pembeni. Juu nimeacha kidogo."

Nikaangalia juu. Palikuwa na majani mawili.

"Shemeji," nikasema, "lile lilikuwa paa lao."

"Uliniambia linaharibu kila kitu."

"Linaniharibia mimi. Wao linawafunika. Kwa nini unadhani nilikuwa nalifunga kwa uzi? Ningetaka kulikata sina kisu?"

Alifikiri. Niliona anafikiri, maana alianza kujikuna kidevu.

"Nilidhani hukati kwa sababu mkono wako unatetemeka," akasema. "Nikaona mimi wangu hautetemeki."

"Hautetemeki."

"Lakini yataota. Kichwa chochote nilichokinyoa kimeota."

"Yataota lini?"

"Mvua ikinyesha."

"Na jua linatoka lini?"

Tukageuka wote wawili tukaangalia ukingo wa mlima. Ulikuwa umeanza kuwa mweupe.

Niseme ukweli wa kilichofuata. Nilipomaliza kutukana kimoyomoyo, nilitazama kile kiota kwa jicho la kazi, nikaona kwamba hakuna kitu tena kati yangu na ile picha. Nikamwambia shemeji tuingie kibandani. Tukaingia. Nikamwambia aondoke. Akaondoka, kwa kelele, bila swali, akivunja kila kijiti kilichokuwa njiani. Nilimsikia mpaka sikumsikia tena.

Jua likavuka ukingo. Mwanga ukaja mtamu, wa upande, kama niliokuwa nauomba. Mmoja wa Miwani akashuka moja kwa moja, akasimama ukingoni mwa kiota, na ndani ya lenzi niliona kila unyoya wa lile duara jeupe. Alikuwa na kiwavi. Nilingoja ainame.

Hakuinama. Alikimeza kile kiwavi mwenyewe, akapanda juu ya watoto, akafungua mabawa yote mawili akatulia hivyo, mdomo wazi, koo linapigapiga. Alikuwa amejigeuza paa. Mwenzake alikuja na chakula, akakuta mlango umezibwa, akakizunguka kiota akaondoka nacho. Kinda mmoja alikuwa amelaza shingo kwenye ukingo, nje ya kivuli cha mama yake, mdomo wazi, na haikuwa kwa kuomba chakula. Ngozi yao ile haina hata nyoya la kukinga.

Nilijiambia ningoje kidogo. Baba atarudi, mama atasogea, picha itakuja. Na ingekuja, najua ningeipata, kwa sababu ndege hawezi kukaa vile bila kulisha. Nikangoja. Jua likapanda. Ile shingo ukingoni ikasogea, kisha haikusogea, kisha ikasogea tena kidogo.

Nikaitukana kamera, nikaitukana familia nzima ya vinyozi, nikasimama nikalipiga turubai kwa kichwa.

"Shemeji," nikaita.

Siku zote hizo nimemfukuza haondoki, na siku ninayomhitaji ameondoka. Nikaita tena, nikaita mpaka sauti ikanikauka, ndege wamepanda juu wanapiga kelele nami napiga kelele chini. Nilikuwa nimesimama nimewakinga makinda kwa kofia yangu, wazazi wao hawawezi kuja kwa sababu yangu, nami siwezi kuondoka kwa sababu ya jua. Mwishowe nikamsikia anakuja mbio, na alipofika alikuwa na chupa ya chai.

"Hukuniambia nisilete ukiniita," akasema akihema.

"Weka chini. Shika lile tawi la mti ule."

Alitaka kuyafunga yale majani ya kwenye gazeti. Nikamwonyesha, yalikuwa yameshaanza kujikunja. Yangekauka kabla ya mchana. Lililofaa ni tawi hai la mti wa jirani, nene, lenye majani mengi, ambalo likivutwa chini lingefika juu ya kiota. Mimi sikuweza kulivuta. Yeye alilirukia, akaning'inia, likashuka. Akalishika kwa mkono wa kushoto juu ya kichwa chake, na wa kulia akaunyoosha mbele kuyatandaza majani juu ya wale watoto. Kivuli kikaanguka penyewe.

"Usiachie," nikamwambia. "Likikuponyoka litaruka na kiota chote."

"Sawa."

"Usiongee."

Akanyamaza. Kamba ya kulifungia tawi ilikuwa moja tu, nayo ndiyo iliyoshikilia kibanda. Nilikaa chini nikaanza kufungua mafundo, na kila fundo nililifunga mwenyewe kwa nguvu ili upepo usiliweze, na sasa vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa haviwezi. Nikatumia meno. Nguzo ya kwanza ikalala. Turubai likashuka upande, kamera ikabaki imesimama kwenye stendi yake mchana kweupe, kama mtu aliyevuliwa nguo. Nikasema moyoni, haya, kibanda kwisha, picha kwisha.

Nikainua kichwa.

Shemeji alikuwa amesimama vilevile. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu, na halifuti. Mikono yake ambayo kila siku tangu asubuhi mpaka jioni huwa juu, usawa wa vichwa vya watu, ilikuwa juu na haichezi. Na sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake alikuwepo Miwani, amekaa kwenye kijiti, anamkagua. Akaruka, akatua kwenye ukingo wa kiota, chini ya kiganja chake. Akainama. Kiwavi kikaingia kwenye mdomo wa kwanza ulioinuka, mwekundu ndani kama ua.

Nilikwenda kwa magoti. Daktari angeniona angenipiga. Nilikwenda kwa magoti kwenye mizizi na mawe mpaka nyuma ya stendi, nikaweka jicho. Mwingine naye alikuwa amekuja, wazazi wote wawili, mmoja huku mmoja kule, makinda watatu shingo juu. Sijawahi kuona kitu kama kile maishani mwangu. Na juu yao, robo nzima ya picha, mkono wa shemeji yangu. Vidole vinne, pete ya ndoa, na kidole gumba kilichoota sugu ya mkasi.

"Mkono wako umo," nikanong'ona.

Akajibu bila kutikisa midomo. "Niuondoe?"

Angeuondoa, majani yangefunguka, jua lingepiga mwanga juu ya wale ndege kwa kitambo, na labda, labda tu, ningepata moja safi kabla hawajaruka. Nilimwona anasubiri neno langu. Nilikuwa na neno moja ambalo nilikuwa nimemwambia tangu dukani.

"Usiondoke," nikasema.

Nikapiga. Nikapiga tena, na tena, na kila moja ina mkono.

Tulilifunga lile tawi kwa kamba, na lilikaa. Kibanda hatukukisimamisha tena. Shemeji hakuweza kushusha mikono mpaka nikamkanda mabega, na wakati namkanda sauti ikamrudia, akaongea mpaka kwenye nyumba ya walinzi. Hatukushuka mlimani mpaka makinda walipoota manyoya. Asubuhi ya mwisho mimi sikuweza hata kutoka mlangoni, nikampa darubini nikamtuma aangalie toka mbali.

Akarudi anacheka. "Wameruka. Wako kwenye mti wa ng'ambo. Nimewahesabu wanne."

"Walikuwa watatu."

"Basi na mama yao."

"Na baba?"

"Kumbe na baba yupo? Basi watano. Shemeji, wanaruka, wewe unataka wakae foleni?"

Sasa ninaishi kwenye kile chumba cha nyuma. Kitanda kipo kweli, maboksi yametolewa kweli, isipokuwa moja la taulo chakavu. Dada yangu aliichukua ile picha mwenyewe kwenda kuichapisha kubwa. Nilimwambia imeharibika, ina mkono. Akasema huo mkono anaufahamu. Akaitundika dukani juu ya kioo, katikati ya zile picha za mitindo ya nywele, na mtaro ulipofukiwa wateja wakarudi, na kila anayekaa kwenye kiti anauliza huo ni mtindo gani.

Ukuta kati yangu na duka ni wa mbao. Nasikia yote. Kila shemeji anaposimulia safari ile, mlima unaongezeka urefu na mimi naongezeka uzee. Siku hizi nimebebwa mgongoni kwenda na kurudi. Juzi nilikuwa nimelala, nimeweka magoti juu ya mto, nasikia mkasi unalia na yeye amefika kwenye sehemu ya jua.

"Makinda watano," akasema, "uchi kabisa, na mimi nimesimama hivi."

"Watatu," nikasema kupitia ukutani.

Mkasi ukanyamaza.

"Mnamsikia?" akawaambia wateja. "Yumo. Akikaa kimya namna ile msifikiri chumba ni kitupu."